Maswali ya Trekta Dogo: Uzito, Shafti na Dizeli

Barua za safari hii karibu zote zinahusu matrekta madogo, yale ya hosipawa 20 hadi 45 yanayonunuliwa na wenye mashamba ya ekari chache. Tumeanza na mnunuzi, tukamalizia na mwenye trekta la siku nyingi.

Swali: Nina ekari nne: nusu miti ya matunda na mboga, nusu malisho. Nimeonyeshwa trekta la hosipawa 25 na jingine la 40. Nichukue lipi?
*Mwenye ekari nne*

Jibu: Ekari peke yake hazisemi mengi. Andika kazi tatu zitakazokula saa nyingi zaidi kwa mwaka, tafuta mashine za kazi hizo, kisha tafuta trekta la kuziendesha. Wengi huanza na trekta, na ndiyo maana rotaveta zao (mashine za kulainisha udongo) zinashindwa kugeuka udongo ukiwa mzito.

Hosipawa iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini. Inayofika nyuma kwenye PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine) hupungua kwa asilimia 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo trekta la 25 litakupa kama 20 au 21. Kwa slasha (mashine ya kukata majani) na rotaveta, kadiria hosipawa 4 hadi 5 za PTO kwa kila sentimita 30 za upana. Trekta la 25 litaendesha mashine ya mita 1.2 bila kulia, na la 40 litaendesha ya mita 1.8.

Halafu chukua futi ukapime upana wa matairi ya nyuma, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Rotaveta ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi litakanyaga udongo uliokwisha kulainishwa, na kila mstari utabaki na ukanda mgumu pembeni. Trekta lenye upana wa mita 1.4 linataka mashine ya mita 1.4 au zaidi, au mashine inayoweza kusogezwa upande mmoja ili ifute angalau alama ya tairi moja.

Kitu kinachosahaulika ni uzito. Plau haivutwi na hosipawa peke yake, inavutwa na tairi linalokandamiza ardhi. Matrekta mawili yenye injini sawa yanaweza kupishana kilo mia kadhaa, na lile jepesi litachimba mashimo kwa magurudumu huku injini ikiwa bado na nguvu ya kutosha. Kwa malisho na majani laini, wepesi ni faida. Kwa plau, ni hasara.

Ukisoma uwezo wa kunyanyua, angalia umepimwa wapi. Namba kubwa kwa kawaida hupimwa kwenye ncha za mikono ya nyuma inayobeba mashine. Namba ya kweli kwako ni ile iliyopimwa sentimita 60 nyuma ya ncha hizo, kwa kuwa uzito wa mashine nyingi hukaa hapo au mbali zaidi.

Kwa shamba lako, kama njia kati ya miti hazizidi mita mbili na nusu na huna mpango wa plau kubwa, sisi tungechukua la 25. La 40 litakuwa na kazi ya kuvunja matawi. Chagua lenye fremu ya kinga inayokunjwa, uikunje chini ya miti tu na kuisimamisha ukitoka. Kuhusu gia au haidrostatiki (mwendo unaosukumwa na oili, bila kubadilisha gia): kama utatumia loda, yaani kijiko cha mbele, na kwenda mbele na nyuma mara mia kwa siku, haidrostatiki inaokoa klachi na goti lako. Kama kazi ni kulima moja kwa moja, gia hupoteza nguvu kidogo kuliko haidrostatiki na fundi wa kawaida anaimudu.

Swali: Nimefunga loda mbele. Nikichota mchanga, gurudumu moja la nyuma linanyanyuka, na juzi trekta liliteleza mteremkoni breki zikiwa zimekanyagwa. Je, breki zimekwisha?
*Mchota mchanga*

Jibu: Breki zako huenda ni nzima kabisa. Katika matrekta madogo mengi breki ziko kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Gurudumu lililo hewani halishiki kitu, hata breki ikiwa mpya.

Liangalie trekta kama mizani iliyoegemea ekseli ya mbele. Tuchukue mfano wa trekta ambalo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 1.6, na katikati ya kijiko ni mita 1.4 mbele ya ekseli ya mbele. Mchanga mbichi una uzito wa karibu kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kijiko cha lita 200 kinabeba kama kilo 380. Kwa hesabu rahisi tuseme 400, bila kuhesabu chuma cha kijiko chenyewe. Kilo hizo 400 zinaondoa kilo 350 kwenye magurudumu ya nyuma, na zinaitwisha ekseli ya mbele kilo 750. Samadi ya ujazo huo huo haifiki hata nusu ya uzito wa mchanga ikiwa imekauka, na ndiyo sababu trekta linalobeba samadi kwa raha linakuja kuyumba siku ya mchanga.

Dawa ni uzito wa nyuma. Ukining'iniza kilo 250 kwenye mikono ya nyuma, sentimita 90 nyuma ya ekseli, magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 390 na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 140. Hesabu hiyo ndiyo inayotofautisha uzito wa kuning'iniza na maji ya ndani ya tairi. Maji yanakaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe: yanazuia trekta lisipinduke, lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Anayetegemea maji peke yake atabadilisha beringi na sili za mbele mapema.

Uzito wa kutengeneza mwenyewe si kazi ngumu. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu na kujazwa zege linafika kama kilo 240. Kabla ya kumimina, pitisha chuma cha duara cha milimita 22 kutoka upande hadi upande kwa ajili ya mikono ya chini (kipimo cha pini za chini kwa matrekta mengi ya ukubwa huu, pini ya mkono wa juu ni milimita 19), na ukichomelee nondo ndani ili kisizunguke. Simamisha juu yake vipande viwili vya chuma bapa vyenye tundu la pini ya juu. Rotaveta au slasha nzito ikiwa imefungwa nyuma nayo ni uzito tosha, ila inarefusha trekta na inagonga vitu ukigeuka.

Ukipenda kuongeza maji, inua gurudumu kwa jeki, zungusha valvu iwe juu kabisa, toa upepo, ingiza maji hadi yafike usawa wa valvu. Hapo tairi limejaa kwa asilimia 75 hivi na lina nafasi ya hewa ya kufanya kazi kama springi. Lisijazwe lote. Maji ya chumvi ya kalsiamu ni mazito zaidi lakini yanakula rimu kuanzia kwenye tundu la valvu. Kwenye tairi lisilo na tyubu tungeyaacha.

Kisha namna ya kuendesha. Kijiko kilichojaa kisafiri chini, sentimita 30 kutoka ardhini, kinyanyuliwe pale tu unapomwaga. Tia gia ya magurudumu manne kabla ya kuanza kuteremka, maana hapo magurudumu ya mbele, yenye uzito wote wa mchanga, yanaunganishwa na ekseli ya nyuma na kusaidia kufunga. Teremka kwa gia ya chini ukiwa umeiweka kabla ya mteremko, wala usikanyage klachi katikati. Na kama mteremko ni mkali, shuka kinyumenyume ili mzigo ubaki upande wa juu.

Swali: Slasha yangu inakata bolti ya kwenye shafti kila siku. Nimeweka bolti ngumu, sasa haikatiki tena, lakini giaboksi imeanza kuvuja oili. Vinahusiana?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Vinahusiana sana. Bolti ile imewekwa ili ife kwa niaba ya giaboksi. Namba iliyopigwa kichwani, kama 4.6, 8.8 au 10.9, ndiyo daraja la chuma: namba ikiwa kubwa, bolti ni ngumu zaidi. Weka kipenyo na daraja vilivyoandikwa kwenye kitabu cha slasha, si bolti yoyote inayoingia. Kipigo kilichokuwa kinakata bolti sasa kinaishia kwenye meno ya gia, na kikikosa pa kwenda kitapanda hadi kwenye shafti ya trekta.

Ila bolti kukatika kila siku si kawaida hata kwenye majani mazito. Tunashuku mambo mawili.

La kwanza ni jinsi unavyoiwasha. PTO ikiingizwa injini ikiwa na kasi kubwa, visu vizito vinatakiwa kutoka sifuri hadi kasi kamili kwa mpigo mmoja. Ingiza injini ikinguruma taratibu, mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, subiri visu vizunguke, ndipo upandishe polepole hadi alama ya 540 (mizunguko ya PTO kwa dakika) kwenye saa ya injini. Kama trekta lako lina kasi zaidi ya moja za PTO, hakikisha uko kwenye 540. Slasha ya 540 ikizungushwa kwa 1,000 inaweza kurusha kisu.

La pili ni urefu wa shafti, na hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi kwa sababu ya oili uliyoitaja. Shafti mpya huuzwa ikiwa ndefu ili ikatwe kufuata trekta. Isipokatwa, ukinyanyua slasha mabomba mawili yanagota ndani na kusukuma beringi za giaboksi upande mmoja na za trekta upande wa pili. Sili huanza kuvuja, baadaye nyumba ya giaboksi hupasuka.

Ipime hivi. Zima injini, chomoa ufunguo. Funga slasha, kisha isogeze juu na chini hadi shafti ya trekta na ya giaboksi zilingane kimo. Mara nyingi hapo ndipo umbali kati yao ni mfupi zaidi. Weka tofali imara au stendi chini ya slasha. Tenganisha shafti vipande viwili, chomeka kimoja kwenye trekta na kingine kwenye giaboksi, vilaze sambamba. Tia alama mahali ambapo kila bomba litabakiza sentimita 3 hadi 4 kabla ya kugota. Kata mabomba yote mawili kwa kiasi kile kile, na kava za plastiki vivyo hivyo. Piga tupa kingo za ndani na nje, ondoa chenga zote, paka grisi, unganisha. Sasa peleka slasha hadi pale shafti inapokuwa ndefu kabisa: mabomba yabaki yameingiliana angalau sentimita 15, na theluthi ya urefu wa bomba ni bora zaidi.

Wakati wa kuunganisha, tazama uma mbili za katikati zikae kwenye mstari mmoja. Mabomba mengine hayakubali kukosewa, lakini ya mraba yanaingia hata yakiwa yamepishana robo mzunguko, na shafti itatetemeka hadi ichoshe misalaba (viungo vya shafti vinavyopinda). Grisi misalaba kila baada ya saa 8 za kazi. Usiendeshe PTO slasha ikiwa imenyanyuliwa juu. Pembe ya misalaba inakuwa kali na utasikia inagonga.

Kama slasha ina klachi ya kuteleza badala ya bolti, ikumbuke baada ya kukaa msimu mzima nje. Diski zinashikana kwa kutu na haitelezi tena. Pima urefu wa springi na uuandike, legeza nati zote kwa kiasi sawa, zungusha PTO kwa sekunde chache diski ziteleze, zima, kaza hadi urefu ule ule.

Na kava za shafti zibaki, na minyororo yake ifungwe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Shafti tupu ya milimita 35 inavuta karibu mita moja ya nguo kwa sekunde, na ikishaviringisha nguo yenyewe inanenepa na kuvuta kwa kasi zaidi. Hakuna mtu mwenye mkono wa haraka hivyo.

Swali: Trekta linawaka vizuri, baada ya dakika 20 linapungua nguvu na kuzima. Likipumzika kidogo linawaka tena. Fundi anataka kufungua pampu.
*Msomaji mwenye mashaka na fundi*

Jibu: Mwambie asubiri. Injini inayozima na kuwaka tena baada ya mapumziko kwa kawaida ina kiu: dizeli inafika lakini haifiki ya kutosha. Anza na kitu kisicho na gharama. Likizima, fungua kifuniko cha tangi ukisikiliza. Ukisikia tangi linavuta pumzi, tundu dogo la hewa kwenye kifuniko limeziba. Lisafishe kwa waya mwembamba na hewa, umemaliza.

Bado? Chomoa bomba la dizeli kabla ya filta, weka chombo chini. Mkondo uwe mnene na usipungue kwa dakika nzima. Ukianza vizuri kisha ukadhoofika, kuna uchafu kwenye mdomo wa tangi: jani, utando mweusi wa ukungu unaoota pale maji na dizeli vinapokutana, au kipande cha kifuniko cha dumu. Uchafu huo unafyonzwa hadi mdomoni injini ikifanya kazi na unazama ikipumzika, ndiyo maana linawaka tena. Mkondo ukiwa mzuri, badilisha filta na mwaga maji kwenye kikombe cha chini yake.

Baada ya kufungua mfumo, toa hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, bonyeza pampu ya mkono (au washa ufunguo bila kupiga stata kama pampu ni ya umeme) hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama bado haiwaki, legeza nati za nozeli nusu mzunguko, moja baada ya nyingine, piga stata si zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kaza dizeli ikitoka. Usiweke kidole wala kiganja mbele: dizeli yenye shinikizo inapenya ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano kinahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Injini mpya zenye reli moja ya shinikizo kubwa zisilegezwe nozeli kabisa.

Dizeli ya dumu iache itulie usiku kucha, na uichukue kutoka juu. Jaza tangi jioni, siyo asubuhi. Nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho usiku.

Kama trekta linazima ghafla pale tu unaponyanyuka kitini, hiyo si dizeli. Ni swichi ya kiti inafanya kazi yake, na tafadhali usiiunganishe moja kwa moja.

Swali: Kisiki hakitoki. Jirani anasema nifunge mnyororo juu, kwenye mkono wa juu, ili trekta lipate mvuto zaidi.
*Mng'oa visiki*

Jibu: Usifanye hivyo. Mnyororo ukifungwa juu ya kimo cha ekseli ya nyuma, nguvu inayotakiwa kuvuta kisiki inageuka kuinua pua ya trekta. Trekta linaweza kupinduka kwa nyuma kwa muda wa kama sekunde moja na nusu, na baada ya nusu ya muda huo kukanyaga klachi hakusaidii tena. Funga kwenye upau wa kuvutia ulio chini katikati, na hapo tu. Fremu ya kinga iwe imesimama na mkanda umefungwa. Fremu ikikunjwa, mkanda usifungwe, maana utakufungia chini ya chuma. Kisiki kikubwa chimba pembeni, kata mizizi kwa shoka, kisha vuta kwa gia ya chini bila kurusha trekta. Mnyororo ukilegea na kukazwa kwa kishindo ndipo unapokatika.

Swali: Rejeta inachemka nikikata majani makavu tu. Nikilima haichemki.
*Mkata majani*

Jibu: Mbegu na makapi yamejaa kwenye wavu na mapezi ya rejeta. Chomoa wavu, pulizia hewa au maji ya kawaida kutoka upande wa feni kwenda mbele. Mashine ya maji ya nguvu inalaza mapezi. Wakati wa majani makavu ukaguzi wa kila saa mbili si mwingi.

Swali: Nimepata trekta lililotumika, saa 1,800 kwenye mita. Niangalie nini?
*Mnunuzi*

Jibu: Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya dizeli iliyochoka huficha uchovu wake ikiwa ya moto.

Chomoa kijiti cha oili ya haidroliki. Rangi ya maziwa ni maji ndani, na kwenye trekta dogo oili hiyo mara nyingi ndiyo inayolainisha giaboksi pia. Nyanyua mashine nzito, zima injini, ngoja dakika 10. Ikishuka kwa sentimita chache tu si neno. Ikifika chini, sili au valvu zimekwisha. Tikisa ekseli ya mbele kwenye pini ya katikati. Shika mikono ya nyuma uone ulegevu. Kisha linganisha mita na pedali: mpira wa klachi uliolika hadi chuma hauendani na saa 600, lakini kwa 1,800 unaeleweka. Saa 1,800 zenye oili iliyobadilishwa si nyingi kwa dizeli.

Usilipe kabla ya kujua nani anauza filta zake na sili za ekseli ya mbele.

Swali: Natumia trekta saa 60 tu kwa mwaka. Kitabu kinasema nibadilishe oili kila saa 200. Nisubiri miaka mitatu?
*Mtumiaji wa msimu*

Jibu: Hapana. Badilisha oili ya injini na filta yake mara moja kwa mwaka, kabla ya kuliegesha, ili tindikali ya moshi isilale ndani. Trekta jipya lina huduma ya kwanza mapema, mara nyingi saa 50, ikiwemo filta ya haidroliki, kwa sababu vumbi la chuma la gia mpya linaishia humo. Filta ya hewa usiipigepige kwenye tairi. Bonyeza mdomo wa mpira chini ya nyumba yake kila wiki udondoshe vumbi, na uache filta ya ndani mahali pake hadi siku ya kuibadilisha.

Wakati wa kuliegesha, shusha mashine chini, jaza tangi, toa waya hasi wa betri.